Kabati la Baba Limeingia Jikoni

Kama ulilelewa upande wetu huu wa mlima, zamani zile tulipokuwa tukianika betri za redio juani ili zipate nguvu ya taarifa ya habari, utanielewa nikisema kwamba baba yangu hakujua jiko la mama lilivyokuwa ndani. Waliishi pamoja Giakanja maisha yao yote ya ndoa, wakatuzaa na kutulea, na sikumbuki hata siku moja nikimwona akivuka kizingiti kile. Mwanamume aliyeonekana akifunua sufuria alichekwa sokoni mpaka akabadilisha njia ya kupita. Baba alikuwa na gereji yake ya mabati upande mmoja wa uwanja, mama alikuwa na jiko lake la mbao upande wa pili, na sisi watoto ndio tuliokuwa barabara kati yao.

Katika gereji hiyo baba alitengeneza pikapu za watu waliopeleka kahawa kiwandani. Vyombo vyake vyote vilikaa ndani ya kabati moja pana na refu, ambalo alilipigilia mwenyewe kwa mbao za muiri, mti mgumu kuliko roho ya mwalimu wetu wa hesabu. Lilikuwa na droo kila upande, na kila droo ilikuwa na harufu yake: hii grisi, hii petroli, hii tumbaku aliyoificha mchungaji asiione. Ukimpelekea chakula ukafika bila kumwaga mchuzi, alifungua droo ya chini akakutilia mkononi goroli ya chuma, baridi kama barafu ya Julai. Tulicheza nazo mpaka mifuko ya kaptura na marinda ikatoboka. Kikombe chake cha chai tulikijua kwa alama nyeusi ya dole gumba, ambayo mama alisugua kwa jivu bila kuimaliza.

Njaa ilipomshika, baba hakuita mtu. Alichukua spana akagonga juu ya kabati mara mbili, ngo, ngo, na popote tulipokuwa, tukicheza mpira wa kati nyuma ya nyumba au tukiteleza kwenye umande kwa vigogo vya migomba, tuliacha kila kitu tukakimbia. Mama alipakua ya baba kwanza, githeri ya mahindi na maharagwe yenye viazi vingi na kipande cha nyama kama kipo. Kisha akapakua yetu. Yeye alibaki akikwangua sufuria kwa mwiko, na tukimuuliza mbona hali, alisema, "Mimi nimeshiba moshi." Tuliamini. Kwa muda mrefu nilidhani kweli moshi huwashibisha watu wakishakuwa mama.

Lakini kuitwa nako kulikuwa na sheria zake. Cucu, yaani bibi yetu, mama yake baba, alituambia kila jioni ukungu ukianza kushuka kutoka mlimani: "Ukiskia jina yako na huoni mtu, usiitike. Ukiitika, umekubali kwenda." Tulitoka mtoni na mitungi migongoni tukiwa tumefunga midomo kabisa. Mara nyingine aliyeita alikuwa ni mama mwenyewe, na tulipofika nyumbani tulichapwa kwa kukosa kuitika. Watoto wa leo unawaita mara kumi na hawaitiki, ila wao hawaogopi wafu. Wamejaza vitu masikioni.

Baba alifariki mwaka juzi, wakati wa mvua ndefu, na baada ya mazishi mama akaacha kula. Hakuwa mgonjwa. Daktari alimpima akasema damu iko sawa, moyo uko sawa. Alikaa tu mbele ya sahani akiitazama kama mtu anayengoja ruhusa, kisha akaisukuma kando. Nilimhamishia kwangu hapa Nyeri mjini, nikampikia kila alichowahi kukipenda: nduma, mukimo, uji wa kuchachusha. Alionja kijiko kimoja kwa heshima yangu. Alikonda mpaka nguo zikawa ndizo zinazomvaa. Niliogopa, na sitaki kulizungusha: nilianza kufikiria ni nguo gani nitamzika nayo.

Ndipo kaka yangu akaamua kubomoa gereji ajenge nyumba ya kuku, na binti yangu Nyambura akalidaka lile kabati.

"Mum, hiyo tunatengeneza ailandi ya kitchen!"

"Ailandi ni kisiwa," nikamwambia. "Sisi watu wa mlima kisiwa tunakijulia wapi? Mimi bahari nimeiona kwa kalenda."

Akanionyesha kwenye simu majiko ya watu tusiowajua, kila moja lina meza imesimama katikati kama ng'ombe aliyekataa kusonga. Sikuwa na nguvu ya kubishana naye. Fundi akalipiga randa na msasa, akalipaka vanishi, akabandika vigae vyeupe juu. Droo za spana zikawa za vijiko. Ilibaki harufu kidogo, na fundi akasema itaisha.

Siku lilipoingizwa, mama alikuja taratibu na mkongojo wake, akasimama mlangoni pa jiko, akalitazama muda mrefu.

"Ameingia," akasema.

Nyambura alicheka sana. Alizaliwa mjini, Kikuyu hajui vizuri, kwa hivyo mama huongea naye Kiswahili chake cha Giakanja, ambacho ndani yake kitabu ni yangu, gari ni yake na ng'ombe ni yetu. "Cucu, ni imeingia! Kabati si mtu!" Nami nilicheka, kwa sababu sisi wote huku ngeli hutupiga chenga. Ila mama hakujirekebisha. Alivuta kiti, akaketi kando ya kabati, akaomba githeri. Alikula sahani nzima.

Tangu siku hiyo alikula. Asubuhi, mchana, jioni, mradi awe ameketi pale. Mashavu yakarudi. Nilimshukuru Mungu kanisani kwa sauti, na jirani zangu wakasema amina.

Halafu kabati likaanza kugonga. Lilinisubiri nizime gesi, nifunue sufuria, ndipo nisikie kutoka ndani ya mbao: ngo, ngo. Nikamwita fundi. Akaniambia mbao hiyo ilizoea baridi ya gereji, sasa joto la jiko linaitanua, itagonga mpaka izoee. Maelezo yalikuwa mazuri. Lakini mbao gani inajua saa ya chakula? Siku nyingine petroli ilinuka juu ya harufu ya vitunguu. Asubuhi moja nilikuta kwenye vigae vyeupe, karibu na sukari, alama nyeusi ya dole. Niliisugua kwa sabuni, kisha kwa jivu kama mama alivyosugua kile kikombe.

Yote hayo ningeyavumilia. Kilichoninyima usingizi ni mama. Kabati likigonga, yeye aliitika. Kwa sauti ya chini, huku akitafuna, bila kuinua macho: "Nakuja." Na kila siku alikiweka kijiko chini mapema kidogo kuliko jana. Ningefanya nini? Nikilitoa kabati, mama ataacha kula na kufa. Nikiliacha, ataendelea kuitika.

Jumapili moja tulitoka kanisani, ukungu umeziba dirisha hata duka la ng'ambo halionekani. Nilipakua wali na kuku. Nyambura alikuwa upande wa pili wa ailandi yake na simu. Mama alikuwa amekula vijiko vichache tu.

Ngo, ngo.

Mama akaweka kijiko. Akafunga vizuri kitambaa chake cha kichwa, akainuka bila mkongojo, mwanamke ambaye kwa miezi mingi hakuinuka bila kushikwa mkono. "Nakuja," akasema, na safari hii alisema kwa sauti, kama msichana.

Mdomo wangu ulifunguka kabla sijafikiri. Niliinamia zile droo. "Baba," nikasema, "hajamaliza kula."

Jiko lote lilinyamaza, hata friji. Droo ya chini, upande wa mama, ilikuwa wazi kidogo. Ikajifunga polepole, bila kishindo. Nyambura akatoa kile kitu sikioni. "Mum, unaongea na nani?"

Mama alinigeukia. "Umemwambia nini?"

"Nimemwambia angoje, mama."

Aliweka mkono juu ya vigae. Nilidhani amenikasirikia, kwamba nimeingilia mambo ya mume na mke. Kisha akaketi, akaivuta sahani karibu.

"Sawa," akasema. "Wacha angoje. Mimi nilimngojea na sufuria kwa moto miaka yote hiyo."

Naikumbuka harufu ya jiko lile la Giakanja, na ningetoa mengi nipate siku moja tu ya kukimbia uwanjani na sahani ya moto, goroli zikigongana mfukoni. Vijana wetu wana majiko mazuri na hawana wa kuwatuma. Lakini kuna kitu kimoja cha zamani nisichokitamani. Enzi zile mama alikula wa mwisho, amesimama, kile kilichobaki. Siku hizi anakula wa kwanza. Mimi hukaa karibu naye nikilisikiliza kabati, nalo liko kimya, na vigae vyake ni baridi hata gesi ikiwaka. Mama anatafuna taratibu, anaomba kuongezewa mchuzi, na hakuna anayemharakisha.