Pesa ya Mizani Iliyooshwa kwa Ukwaju

Nyamvula binti Nzai alikuwa na vidole ambavyo Changamwe nzima ilivijua. Alikuwa akikunja hando, ile nguo ya marinda mengi wanayojifunga wanawake wa Kigiriama na Kirabai, na marinda yake yalikaa karibu karibu hata sisimizi akitaka kupita katikati ilimbidi avute pumzi kwanza. Wako waliosema aliwahi kutunga ushanga kwenye unywele wa paka, na paka mwenyewe hajaamka. Hilo la paka si lazima mtu aliamini, lakini la sisimizi ni kweli tupu.

Vidole hivyo ndivyo vilivyomweka mjini. Mumewe, kuli wa bandarini, alikufa mwaka ule vita vilipokwisha, na wakwe zake kule Rabai hawakungoja hata nguo za matanga zikauke. Walimtaka arudi arithiwe na Ruwa, kaka wa marehemu, mtu mwenye wake wawili tayari na kikohozi cha kuangusha makuti. Nyamvula hakumtaka. Akatafuta kazi, akaipata kwa Bwana Kayetano, Mgoa karani wa relwe aliyefiwa na mkewe, akikaa nyumba ya mabati karibu na stesheni. Pamoja na kazi akapewa chumba nyuma ya jiko.

Ruwa alipokuja kumdai, Bwana Kayetano alitoka barazani akamwambia kwamba mama huyu ana kazi yake hapa na hawezi kumwachia. Ruwa akaondoka, ila kabla hajavuka ua alisema maneno yake: siku kazi itakapokwisha, yeye atakuwa amesimama pale pale mlangoni, na kamba ya kufungia mizigo mkononi. Tangu hapo Nyamvula alijua kuwa kati yake na Ruwa umesimama ukuta mmoja tu, nao ni kazi ile.

Sasa, Bwana Kayetano alikuwa na mapenzi yake, na hayakuwa ya mwanamke. Alikusanya sarafu za kale: reale za fedha, rupia, hela za Mjerumani, pesa za shaba za Unguja. Alizitia kila moja katika kibahasha chake cha karatasi, na vibahasha akavipanga ndani ya makopo ya sigara. Lakini hewa ya chumvi haijui kopo. Iliingia humo ikaanza kuziotesha kutu ya kijani. Ndipo akaagiza albamu kutoka Ulaya, nayo ilipofika kwa meli alikaa akiinusa kama mkate.

Ilikuwa na kurasa za kadi nene zenye matundu ya duara, na juu ya kila mstari wa matundu umepitishwa utepe mwembamba, unaoonyesha kama kioo ila unapinda. Unauvuta utepe kando, unailaza sarafu tunduni, unaurudisha utepe. Ukiuvuta vibaya unakwaruza uso wa sarafu. Bwana Kayetano alijaribu mwenyewe jioni ya kwanza, akakwaruza rupia, akalala bila kula. Asubuhi akamwita Nyamvula, akamtazama vidole, akamkabidhi makopo yote.

Alimfundisha kushika sarafu ukingoni, asiiguse uso, asiliache jasho lidondoke. Hilo la jasho ndilo lililokuwa gumu, kwani joto la Changamwe miezi ile lilikuwa la kuivisha yai likiwa bado ndani ya kuku. Nyamvula akajifunga kitambaa kwenye paji la uso, akafunga dirisha la upande wa jua, akaanza. Kopo la reale likaisha, la rupia likaisha, hakuna hata moja iliyopata alama. Bwana akirudi kazini alikuta kurasa zimejaa, anacheka peke yake.

Mpaka akafikia kibahasha kilichokuwa peke yake katika kopo lake. Ndani mlikuwa na pesa ya shaba yenye picha ya mizani, ya enzi za kampuni iliyotawala pwani kabla ya serikali. Imekuwa ya rangi ya udongo, weusi umeingia katika kila herufi, hata mizani yenyewe haionekani vizuri. Nyamvula akaitazama, kisha akautazama ukurasa mweupe uliokuwa ukiingoja. Kwao, mtu hahamii nyumba mpya na vyombo vichafu. Siku ya kuhama husuguliwa kila kitu, kuanzia sufuria hadi mchi, kwani uchafu ukivuka kizingiti huingia na taabu za nyumba ya zamani. Akaona haya kwa niaba ya bwana wake. Akaenda jikoni, akachukua ukwaju uliobaki kwenye mchuzi na majivu kidogo, akaisugua ile pesa kwa kidole gumba kama anavyosugua sinia la shaba.

Ikatakata. Ikawaka. Mizani ikajitokeza na nyuzi zake zote. Nyamvula akaikausha kwa upindo wa leso, akailaza tunduni, akaurudisha utepe, akajiona amefanya jambo.

Mchana Bwana Kayetano alirudi kula akiwa na furaha isiyotulia. Alikuwa ameonana na Rustamji, Mparsi mtengeneza saa wa kule kisiwani, naye mkusanyaji kama yeye. Rustamji atakuja Jumamosi na reale mbili za nadra, abadilishane na ile pesa ya mizani. Kijiko hewani, Bwana akaanza kueleza kwa nini. Pesa hizo ziko, lakini zote zimeoshwa na watu wasiojua. Ya kwake haijaguswa tangu ilipotoka mkononi mwa mtu wa mwisho kuitumia.

"Ule weusi ndio ngozi yake, Nyamvula," akasema. "Ukiuondoa, umeichuna. Mtu mmoja wa Kisauni aliosha yake, Rustamji akamrudishia kama ganda la chungwa."

Nyamvula alikuwa anamimina mchuzi. Ulijaa sahani, ukafika ukingoni, ukaanza kushuka mezani.

"Hebu niletee niione," akasema Bwana.

"Bado sijaipanga, Bwana," akasema Nyamvula. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumdanganya, na sauti yake mwenyewe aliisikia inatoka pembeni, kama ya mtu aliyesimama nyuma ya mlango.

Bwana alipoondoka, Nyamvula alikwenda mbio hadi kwa jirani yake Mueni, mke wa fundi wa reli, Mkamba mwenye watoto wengi na maneno mengi zaidi. Akamweleza yote. Mueni akasikiliza huku amemshika mtoto mmoja sikio na kumpangusa mwingine kamasi.

"Dada, yaani huyo bwana anapenda kitu kwa sababu ni kichafu?"

"Ndivyo wenyewe walivyo."

"Basi mwambie aje awachukue hawa."

Nyamvula hakucheka, na Mueni alipoona hacheki akaelewa kwamba jambo lina Ruwa ndani yake. Wakaifukiza ile pesa juu ya moshi wa vifuu, masizi yakashika, wakaipangusa kidogo, yakatoka yote. Wakaifunika kwa kiini cha yai la kuchemsha, ikatoa madoa ya samawati kama mtu aliyepigwa. Ikawa mbaya kuliko mwanzo. Mueni akashauri iangushwe chooni na isemwe imeibiwa. Nyamvula akakataa. Bwana aliyeibiwa ataita askari, na askari ataanza na chumba cha nyuma ya jiko.

Hapo ndipo alipokumbuka ukindu. Shangazi yake Kahaso alikuwa akisuka mikeka, na ukindu aliotaka uwe mweusi aliuzika katika matope ya mikoko, yale yanayonuka, na ulitoka umekoza hata ukilala juu yake unaota giza. Kama matope huweza kuukoza ukindu, hayatashindwa na shaba.

Ijumaa asubuhi, Bwana alipokwenda kazini, Nyamvula alishuka hadi Kipevu, kwenye mikoko ya ufukoni. Maji yalikuwa yametoka. Akaifunga pesa katika kitambaa cha kaniki, akafunga uzi, akauzungusha uzi kwenye mzizi wa mkoko, akakizika kitambaa mpaka matope yakamfika kiwiko. Kisha akakaa juu ya gogo kungoja. Aliitazama njia ya Rabai kule juu, akaona kila mtu anayepita ana mabega ya Ruwa.

Maji yakaanza kurudi. Alitaka kungoja kidogo zaidi, na kidogo hicho ndicho kilichomponza. Alipokwenda kwenye mzizi na kuuvuta uzi, ulikuja mwepesi. Umekatwa.

Kaa. Na kaa wa Kipevu siku hizo hawakuwa hawa wa leo wa kutiwa mchuzini. Walikuwa wa kupigiwa hodi ndipo upite, na mmoja yasemekana aliwahi kumnyang'anya kuli kofia na kuivaa. Nyamvula akapiga magoti, akatia mikono yote miwili matopeni. Pale alipozika hapana kitu. Maji yalimfika mapajani, leso ikaanza kuelea, na yeye anapapasa kushoto na kulia, anagusa mizizi, anagusa makome, anagusa vitu asivyotaka kujua ni nini. Maji yakafika kiunoni. Kwa vidole vile vile vya kukunja hando akahisi tundu, na ndani ya tundu akahisi pindo la kaniki.

Akavuta. Mwenye tundu naye akavuta. Nyamvula akaingiza tena mkono katika lile tundu hadi kwapani, uso umeinamia majini, na mara akahisi gando limemshika kidole cha shahada mpaka mfupani. Hakupiga kelele. Aliogopa akifungua mdomo ataachia kitambaa. Akang'oa vyote kwa pamoja, kitambaa, kaa na kidole, akatoka majini anavuja damu, kaa ananing'inia kama bangili.

Pesa ilikuwa nyeusi. Nyeusi sana upande mmoja, na upande wa pili nyeusi kwa vipande vipande. Akaipangusa kwa jani, akaiweka kifuani, akapanda kilima.

Jumamosi Rustamji akaja, mtu mwembamba wa kofia ndefu, na kioo chake cha kukuzia amekiweka mfuko wa kifua. Bwana Kayetano akafungua albamu mezani. Nyamvula alisimama mlangoni na sinia la chai, kidole kimefungwa kitambaa. Rustamji akabana kioo kwenye jicho akaanza ukurasa kwa ukurasa. Reale, rupia, hela. Mara kwa mara aliguna, na Bwana Kayetano akatabasamu kila akisikia mguno.

Akafika. Akauvuta utepe, akaitoa pesa ya mizani, akaigeuza. Akaigeuza tena. Akaisogeza puani.

"Kayetano," akasema polepole, "hii pesa yako imetoka wapi?"

"Kwa mzee mmoja wa Junda. Haijapata kuguswa, nakuapia kwa Mungu."

Nyamvula alimsikia bwana wake anaapa. Alijua akinyamaza huenda likapita, Rustamji akaamini au asiamini, lakini kile kiapo kilikuwa kimeshatoka, na aliyekisababisha ni yeye.

"Bwana asiape," akasema. "Niliiosha mimi. Kwa ukwaju. Kisha nikaogopa, nikaizika matopeni Kipevu ili irudi rangi yake. Bwana hana habari."

Rustamji akakitoa kioo jichoni. Akaitazama pesa, akakitazama kidole kilichofungwa. Akairudisha mezani taratibu, akaziviringa reale zake mbili katika leso. Alimwambia mwenzake kwamba sarafu nyingine zote hazina dosari, ila hii hawezi kuichukua. Chai hakunywa. Wakasindikizana mpaka langoni.

Bwana Kayetano aliporudi alikaa, akaichukua pesa ili airudishe tunduni mwenyewe. Utepe ukakwama nusu njia, ukaanza kupinda juu ya reale ya jirani. Nyamvula akaliweka sinia chini, akaja bila kuitwa, na kwa vidole viwili vizima akaulegeza, akaurudisha ukanyooka. Reale haikupata alama.

"Nikafunge mizigo, Bwana?"

Bwana aliifunga albamu kwanza.

"Ungeniacha nimpe rafiki yangu pesa ile baada ya kula kiapo," akasema, "ungekuwa umeshafika Rabai saa hizi. Sasa makopo yaliyobaki atayahamisha nani? Mimi?"

Akainuka, akaingia jikoni, akalichukua bonge la ukwaju lililobaki akalitupa nje ya ua, na kwa muda mrefu baadaye mchuzi wa samaki wa nyumba ile ulikuwa chukuchuku. Hakumsemesha tena siku zile ila kwa kunyoosha kidole. Lakini Ruwa alipotuma mtu kuuliza kama ni kweli mama yule amefukuzwa, kwa kuwa habari za Changamwe zina miguu, Bwana alimjibu yule mtu kwa sauti ya kufika stesheni kwamba amedanganywa.

Jumatatu Nyamvula alikaa tena mezani, kitambaa kwenye paji, dirisha limefungwa. Akafungua kibahasha cha kwanza cha kopo la Unguja. Pesa iliyotoka ilikuwa nyeusi tititi, imejaa taka ya kila mkono ulioishika. Kidole gumba kilimwasha. Akaishika ukingoni, akailaza tunduni kama ilivyo, akavuta utepe.