Ngamia Aliyevuka Ua wa Shule

Nilikuwa kidato cha pili hapa Garissa tulipoletewa mwalimu wa hesabu kutoka Meru, kijana mwembamba asiyeweza kufundisha akiwa amesimama mahali pamoja. Siku ya somo la kukuza maumbo alichora pembetatu ubaoni. Jirani yangu wa dawati, msichana wa Tarbaj, akauliza kama lazima iwe pembetatu. Mwalimu akasema umbo lolote litafaa. Basi tukachora ngamia kwenye karatasi ya grafu, tukaandika namba za kila kona yake: kwato, nundu, shingo, pua.

Tukatoka uwanjani na ndoo za jivu la jikoni. Mlingoti wa bendera ukawa sufuri, mahali pa kuanzia kuhesabu. Kila namba tuliizidisha kwa tatu, kila kipimo kikawa hatua moja: kona iliyokuwa mbili kulia na moja juu ikahamia sita kulia na tatu juu. Mmoja alisoma namba, sisi wengine tukakimbia kumwaga jivu, hijabu zikipepea, tukigongana na kucheka hadi mbavu zikauma.

Kwato zilikaa vizuri. Nundu ikaangukia golini. Lakini shingo ilipofika kwenye ua, namba zikasema pua iko nje, kwenye kibanda cha mama muuza chai.

Nilidhani mwalimu atapunguza ukubwa. Badala yake alituongoza hadi langoni. Mama yule tulimwita eddo, yaani shangazi. Tulimweleza kwa Kisomali, sote kwa pamoja, kwamba kichwa cha ngamia wetu kinapita dukani kwake. Akamgeukia mwalimu, akamjibu kwa Kiswahili.

"Kama ni hesabu, sawa. Ngoja nisongeshe jiko."

Akasogeza jiko, viti na wateja wake wawili, na jicho tukalichora pale pale.

Tulipanda ghorofa ya madarasa kutazama. Alikuwa ngamia wetu yule yule wa karatasini, shingo ile ile, amelala upande mzima wa uwanja na kichwa barabarani. Nilihisi kama nimepewa uwezo wa kukuza chochote duniani.

"Sasa zidisheni kwa hasi tatu," mwalimu akasema.

Tulishuka ngazi mbio. Ngamia wa pili alianza kuota upande wa pili wa mlingoti, miguu juu. Mwalimu wa Kiswahili alipokuja kututafuta kwa kipindi chake, alikuta tumefika tumboni. Akauliza ndoo nyingine ya jivu iko wapi.