Msemaji wa Pangoni

Hakuna jambo duniani ambalo lingeweza kunishangaza mimi. Nilianza maisha nikishika kamba ya maksai wa Mzungu pale Kitale, miguu mitupu, na leo kinu cha kusaga mahindi kule Kabuchai ni changu, wala hakuna aliyenisomesha. Nimeona chui akila mbuzi mchana kweupe. Nimeona mtu akikata roho huku anacheka. Kwa hivyo nikikwambia kwamba siku moja nilishangaa, niamini. Haya sikusimuliwa. Yalinipata mwenyewe, saa nane mchana, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe ya busaa.

Kilichonitajirisha ni ulimi. Kinu kilifuata baadaye. Nilikuwa mkalimani, barazani, mnadani, kanisani, popote. Lugha saba. Na nitakupa siri ambayo wakalimani wengi hawaisemi: pale usipoelewa, unajaza. Unatazama uso wa mtu, unabuni neno la karibu, mambo yanaendelea. Nani atajua?

Mwaka uliofuata ule wa nzige, mwalimu mmoja wa kanisa, Gedioni, Mkikuyu aliyeishi mashambani Kitale, aliniomba nipande naye mlimani, upande wa Suam, kwa watu wanaokaa mapangoni pamoja na ng'ombe wao. Yeye hakujua hata salamu yao. Mimi nilijua maneno ya sokoni tu: chumvi, maziwa, ndama, bei.

"Lugha yao unaijua kweli, ndugu yangu?" aliniuliza njiani.

"Mwalimu, mimi hata ndoto naota kwa lugha saba."

"Kumbe usiku kwako ni mnada."

Tuliacha mkokoteni wangu chini ya mlima. Tulipofika mtoni alipiga magoti kwenye matope akaomba: "Bwana, huko tuendako sisi ni mabubu. Tutumie mtu wa kutusemea." Nikacheka moyoni. Mtu mwenyewe si ni mimi?

Pangoni tulimkuta mama amempakata mtoto. Mguu wa mtoto ulikuwa umevimba, unanuka, na macho yamegeuka. Yeyote angeona kwamba asipopelekwa kwa daktari Kitale haraka, hafiki Jumapili. Mwalimu akaniambia nimwombe mama atukabidhi mtoto. Nikasema maneno yangu ya sokoni. Huenda nilimwambia nataka kumnunua, sijui. Mama akajibu kwa kirefu, analia. Sikuelewa hata moja. Nikajaza.

"Anakataa," nikamwambia Mwalimu. "Anasema hamtaki Mungu wako."

Mwalimu akainama kuchukua kofia yake. Hapo mtu akasema nyuma yangu, kwa Kibukusu safi cha kwetu: "Hakusema hivyo."

Nikageuka. Ndani zaidi, kwenye giza, pale ng'ombe wanapolamba ukuta kwa ajili ya chumvi, alikaa mzee aliyejifunika ngozi ya mbega. Ng'ombe wote walikuwa wamejibana upande wa pili, wamemwachia ukuta peke yake. Na wewe unajua, ng'ombe haachi chumvi bure.

"Mtoto wake wa kwanza aliteremshwa bondeni, akafa, akazikwa na wageni," mzee akasema. "Mpaka leo hajui wapi. Dawa haikatai. Anaogopa kaburi."

Nikamweleza Mwalimu. Machozi yakamtoka. "Mwambie nitalala kando ya mtoto. Mungu akimchukua, nitamrudisha kwa mgongo wangu huu azikwe hapa."

Mzee akanipa maneno, moja moja, kama mtu anayelisha mtoto uji, nami nikayasema. Mama akafuta machozi. Kisha akamfunga mtoto mgongoni mwa Mwalimu kwa mikono yake mwenyewe.

Kwetu mtu akikusemea, hupewa chake mbele ya watu, japo kuku, na hutajwa. Nikamnong'oneza mzee: "Nikupe kuku?"

"Kuku nitamla kwa meno gani? Mwambie huyo Mwalimu kwamba nilikusemea. Basi."

Jambo dogo, sivyo? Na Mwalimu aliniuliza pale pale: "Ulikuwa unageukageuka nyuma. Nani anakusaidia?"

Nami, kwa ulimi uliozoea kujaza, nikasema: "Hakuna. Ni mimi tu."

Nikatupa jicho nyuma. Ng'ombe walikuwa wamerudi ukutani, wanalamba. Kwenye samadi mbichi pale alipokaa mzee, hapakuwa na alama ya mtu.

Mtoto alipona. Mimi nilifika Kabuchai baada ya siku nne, mama yangu akatoka kunilaki, akafungua mdomo. Sauti niliijua. Maneno sikuyapata. Yalikuwa kama mvua juu ya majani makavu ya mgomba. Nikadhani ananitania. Jirani akaja, vilevile. Lugha sita zilibaki kichwani mwangu, hata ile ya sokoni. Ile niliyonyonya, ile ambayo mzee alinisemea, ilikuwa imekwenda. Nikijifunza neno jioni, asubuhi halipo.

Nilimrudia Mwalimu, nikakiri yote.

"Niliomba tutumiwe mtu," akasema. "Akatumwa. Ukamkana mbele yangu."

"Alikuwa malaika, au mzimu?"

"Sijui. Mimi nilikuona ukiongea na ukuta."

Tulipanda tena, nikamtaja mzee kwa sauti kubwa pangoni. Ng'ombe waliendelea kulamba.

Wewe unayesoma, ukisaidiwa, hata na usiyemjua, sema umesaidiwa, siku ile ile, mbele ya watu. Usingoje. Yule mzee hakutaka hata kuku.

Mama hakujua lugha nyingine. Miaka tisa mke wangu alitusemea. Siku mama alipozidiwa, mke wangu alikuwa sokoni na majirani wako kwenye palizi, naye mama ananishika mkono, anasema, anarudia. Nikakimbia barabarani nikamkamata Mteso mmoja muuza samaki aliyejua Kibukusu. Akasema samaki wake wataharibika. Nikamwambia ataje bei ya kikapu kizima. Akaingia, akainama, akasikiliza.

"Anasema wewe mgeni una huruma," akaniambia. "Lakini anaomba umwitie mwanawe."

Nikamlipa shilingi mbili na senti thelathini.