Jino la Juu la Ambani

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, mgongo wangu haukuwa wangu. Ulikuwa wa mdogo wangu Ambani, aliyefungwa hapo kwa leso asubuhi na kufunguliwa akishalala. Sikulalamika sana, maana kitinda mimba wetu alikuwa mtoto wa kucheka ovyo; hata kuku akipita, anacheka. Lililonichoma ni jino lake.

Jino la kwanza lilichomoza mwezi wa Februari, na lilichomoza juu. Kwetu Iguhu, miaka hiyo ya tisini, mtoto aliyetangulia kuota jino la juu hakuwa jambo la mzaha. Kukhu, yaani bibi yetu mzaa baba, alimfunua mdomo, akatazama, akaufunga polepole. Akasema mtoto huyo asikanyage shamba wakati wa kupanda, asionje cha kwanza cha msimu wowote, na asisogee karibu na kichuguu, mpaka mjomba wake aje amlishe kwa mkono wake mwenyewe. Mjomba alikaa Butere. Butere si mbinguni, mtu huenda na kurudi siku hiyo hiyo, lakini mjomba alituma salamu kwamba angekuja wiki ijayo, na wiki ijayo yake haikuwa na mwisho.

Basi mvua za masika zikaanza, nami nikafungwa pamoja na mtoto. Wakipanda mahindi, mimi na Ambani barazani. Uyoga ukitokea kando ya mto, mimi na Ambani barazani. Mama alikuwa akinipitia na jembe begani, ananiambia, "Vumilia, Mmbone. Subira huvuta heri." Heri gani? Mimi niliona tu ndugu zangu wakirudi na matope hadi magotini, wakicheka mambo ambayo sikuyaona.

Nilivumilia yote hadi ikaja siku ya kumbikumbi, tsiswa kwa lugha yetu. Ambaye hakukulia kwetu hajui uchungu wa kuikosa siku hiyo. Mvua hunyesha usiku, jua huwaka asubuhi, na alasiri familia nzima huhamia kichuguuni, hata baba ambaye siku nyingine hakuwa na muda wa watoto. Fito hukunjwa juu ya kichuguu, hufunikwa majani ya migomba na mablanketi makuukuu, na upande mmoja huachwa upenyo wa mwanga, chini yake shimo lenye sufuria. Kisha watoto hugonga vijiti juu ya ubao, ko-ko-ko-ko, ili kumbikumbi wadhani ni mvua. Nyumbani kwetu hodari wa kugonga nilikuwa mimi. Mwaka huo kazi yangu alipewa kaka yangu Shimuli, ambaye hata makofi ya kanisani yalimshinda.

"Kukhu, nitakaa naye mbali," nilisihi.

"Hapana. Mtoto wa jino ya juu hapelekangwi kwa tsiswa. Zikimwona zinarudi chini, na hazitoki tena."

"Sasa zitaonaje jino na amefunga mdomo?"

"Mmbone! Unajua kujibu sana. Kaa hapo."

Nilikaa, nimevimba kama andazi. Nikamsikia Shimuli akigonga ovyo, nikasikia vicheko. Ambani naye akavisikia, akaanza kurusha miguu mgongoni kwangu. Nikasema potelea mbali. Nikapita nyuma ya jiko, nikazunguka shamba la mahindi machanga, nikajibanza kwenye majani ya napia hatua chache kutoka kichuguuni.

Nao walikuwa wakitoka! Walitoka kwa wingi, mabawa yaking'aa, wengine wakiangukia sufuriani, wengine wakiponyoka na kuruka. Mmoja alitua puani kwa Ambani. Nikamfungua, nikamsimamisha. Akanyoosha mikono yote miwili hewani, akamshika mmoja, akamtia kinywani pamoja na mabawa yake, kisha akacheka kile kicheko chake cha tumboni. Nami nikacheka. Nilikuwa na furaha mno, na ilidumu labda dakika tatu.

Kicheko ndicho kilichotuuza. Kukhu aligeuka.

"Nani amemleta huyu?"

Na papo hapo, naapa, kumbikumbi wakapungua, kisha wakakoma kabisa. Wingu lilikuwa limefunika jua na upepo wa baridi umeanza kuvuma, na kila mtu pale alijua kwamba wadudu hao hawapendi baridi. Lakini hakuna aliyetazama juu. Wote walimtazama Ambani, mtoto wa miezi kumi, bawa limemganda mdomoni. Baba alimtazama. Shimuli aliacha kugonga, akamtazama. Mama akaja, akamchukua mikononi mwangu, akaenda naye nyumbani, kiganja chake kimemfunika mtoto uso.

"Nilisema," Kukhu akasema. Hakupandisha sauti. Afadhali angenichapa.

Mjomba alikuja mwezi wa saba, mahindi yamekomaa. Akatafuna punje chache za hindi la kuchoma, akamlisha Ambani, akapewa jogoo wake, akaondoka. Kwa jambo la dakika mbili tulikuwa tumefungiwa msimu mzima.

Mwaka uliofuata kichuguu hakikutoa hata kumbikumbi mmoja. Maneno ya Kukhu yakatimia, boma lote likatikisa kichwa. Mimi nilijua, na baba alijua zaidi, kwamba wakati wa kiangazi yeye mwenyewe alikichimba kichuguu hicho apate udongo wa matofali ya jiko jipya, akafika hadi kwa malkia wao. Nilipolitaja jambo hilo wakati wa chakula, baba alisema, "Kula obusuma yako." Nikala ugali wangu. Hadi leo napandwa na hasira nikikumbuka jinsi ilivyokuwa rahisi kulaumu jino kuliko jembe.

Ambani alipofika miaka minne, kichuguu kingine kiliinuka karibu na kisima. Nilimshika mkono nikamwambia twende, sasa ruhusa ipo. Akagoma njiani.

"Wewe enda," akasema. "Mimi nitaziharibu."

Sikuwahi kumsikia mtu akimwambia hivyo. Aliyapata maneno hayo humo humo nyumbani, kama watoto wanavyopata mafua.

Mwaka jana nilimpeleka binti yangu nyumbani msimu wa kumbikumbi. Ambani, sasa mwanamume mwenye ndevu, alikunja fito, akachimba shimo, akamfundisha mtoto kugonga, kisha akajitenga, akaenda kusimama kule kwenye ua wa shamba.

"Mjomba, njoo!" binti yangu akamwita.

"Zitoke kwanza," akajibu akicheka. Lakini hakusogea.

Nilitaka kumkasirikia Kukhu, ila yeye yuko kaburini, na alisema tu alichoambiwa na waliomtangulia. Anayeniudhi zaidi ni mimi. Siku ile, wote walipomgeukia Ambani, mimi niliyembeba kila siku, mimi niliyeliona wingu, nilimgeukia vilevile nikamtazama mdomo. Sijawahi kumwambia. Nilikwenda nikasimama naye pale kwenye ua, na hata hapo sikumwambia.