Siku Tulipomnyima Mbithe Mwethya

Nakumbuka siku moja kule Kathonzweni, mwanangu, nikiwa bado mke mpya, nilipomchungulia jirani yangu kana kwamba ni mwizi. Aliitwa Mbithe. Alikuwa ameacha kanisa letu akawafuata wale waliosali nyumbani kwa mtu, bila mchungaji wala kengele. Sisi tuliobaki tukawa tunamtazama kwa jicho la pembeni. Akitusalimu, tunajiuliza ana maana gani. Akinyamaza, tunashuku zaidi.

Asubuhi hiyo nilimwona mtoni, ameinama peke yake kwenye kisima chetu cha mchangani, midomo ikicheza. Sikumsogelea. Nikawakimbilia wanawake wa mwethya, kikundi chetu cha kulimiana, nikawaambia Mbithe anayaombea maji yetu. Maombi gani, sikusema. Walijazia wenyewe.

Jumanne ilikuwa zamu yake ya kuchimbiwa matuta ya kuzuia mvua isibebe udongo. Hakwenda hata mmoja. Nilimwona kwa mbali, amepika uji wa watu wengi, amesimama na jembe akitazama njia. Mwishowe akaanza kuchimba peke yake. Mvua ikaja hajafika hata katikati ya shamba, ikabeba udongo pamoja na mbegu alizokuwa ameshapanda.

Mama mkwe wangu, mshika dini kuliko sisi sote, akaniita.

"Huyo Mbithe, ulimwona akifanya nini kisimani?"

"Alikuwa anaomba, mwaitu," nikamjibu, maana ndivyo tunavyomwita mama.

"Mimi siulizi mdomo. Mikono ilikuwa inafanya nini?"

Niliona aibu mpaka leo naisikia. Mikono ilikuwa na matawi ya miiba. Alikuwa akikizungushia kisima ili punda wasikichafue. Niliiona ile miiba, mwanangu. Niliiona, na nilipokwenda kusimulia nikaiacha.

"Basi chukua jembe, na ukawaambie wenzako hivyo," akasema.

Niliwaambia. Tulichimba matuta yote, lakini mbegu zilikuwa zimekwenda, na msimu ule watoto wa Mbithe walikula kwa kuombaomba. Hakuniuliza nani alianza maneno. Nadhani alijua.

Siku hizi makanisa yanagawanyika kila kukicha, nawe utaletewa habari za waliohama. Sikukatazi kushuku, mimi mwenyewe bado nashuku watu. Ila anza na aliyekuletea habari, na kama ni jicho lako mwenyewe, lishuku zaidi. Uliza mikono ilikuwa inafanya nini. Mungu akubariki, mwanangu, na siku ya zamu yako akuletee majirani wenye majembe, hata wale msiosali nao.