Mbuzi wa Miguu Mitatu

Mwalimu wa kompyuta alituambia kuna alama ya maji. Unaificha ndani ya picha zako, halafu mashine ikijifunzia kuchora humo bila ruhusa, alama yako inatokea kwenye kazi yake na kuichongea. Nilirudi nyumbani Nyakitonto kichwa kimevimba. Mama anasuka vikapu, na picha za kuwarushia wateja mtandaoni nazipiga mimi.

"Alama ya maji?" Mama akauliza. "Na ikikauka?"

Nilicheka nikashika ukuta. Kisha nikachora impene, yaani mbuzi, wa miguu mitatu. Wa nne niliuonea uvivu. Nikamficha kwenye kila picha, hafifu, jicho lisimwone. Ole wake mwizi!

Ukapita muhula mzima. Mwenye duka wa Kibondo, anayechukua vikapu vingi vya Mama, akawa hapokei simu. Tukabeba mzigo, tukamfuata.

"Karibuni," alisema, macho pembeni. "Dada yangu, siku hizi kuna programu inachora vikapu yenyewe. Mteja anachagua picha, kiwanda kinasuka vya plastiki."

Akatuonyesha. Kila kikapu ni mistari ya Mama, na katikati kanenepa mbuzi wangu, miguu mitatu.

"Tumewakamata!" nikapiga kelele, wateja wakageuka. "Huyo mbuzi nimemchora mimi! Wamejifunzia picha zetu!"

"Haya, mwanangu," Mama akasema. "Sasa utamshtaki nani? Simu?"

Nikatoa simu. Somo la mwalimu halikufika hapo. Programu yenyewe haikuwa na jina la mtu wala mahali pa kulalamikia. Nilitafuta mpaka chaji ikaisha.

Mwenye duka akageuza kikapu cha Mama, akakikagua chini na juu. "Tatizo hivi vyako havina mbuzi. Wateja wanasema visivyo na mbuzi ni feki."

Tulirudi na mzigo wote. Kesho yake Mama alianza kikapu kipya, akasuka mbuzi. Vizuri tu, miguu minne. Akaiangalia picha ya ile programu kwenye simu, akaangalia kikapu, akaanza kufumua mguu mmoja.

"Wewe," alisema bila kuinua kichwa, "huu wa nne ulikushinda nini?"

Mimi hata mkuu wa shule namjibu. Siku hiyo nilimshikia tu nyasi za kusukia.