Tulichokuwa Tukitupa Shimoni

Siku yangu ya kwanza kazini, zahanati moja upande wa Msangano, Muuguzi Mfawidhi alinikabidhi ndoo, glavu na onyo. "Binti, msichana akija anatoka damu, usimwamini. Huyo ametoa mimba." Nikalishika neno lile kuliko yote niliyofundishwa chuoni.

Nilipohamishiwa kituo cha afya cha Tunduma, kwenye malori na watu wa kila mkoa, nilikuwa nimeshaiva kwa kushuku. Nikapangiwa chumba cha kusafishia, ambamo aliyeharibikiwa na mimba hutolewa mabaki kwa bomba la kunyonya. Utaratibu wetu ulikuwa hivi: mwanamke aliyekoma hedhi, nyama iliyotoka inatiwa kwenye kichupa cha fomalini, dawa ya kuzuia isioze, inapelekwa Mbeya kuchunguzwa kansa. Ya mwanamke kijana inakwenda shimo la kutupia kondo la nyuma. Nani ahangaike kupeleka mabaki ya mimba Mbeya?

Tusekile alikuwa na miaka thelathini na tatu, mzaliwa wa Mbebe, ameolewa hapa mjini, akiuza vitenge vya kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Mnene, mcheshi, miaka saba ya ndoa bila mtoto. Alikuja na damu ya wiki tatu.

"Sista, naapa sina mimba. Ningeipata, ningeitoa kweli?"

Nikabetua mdomo. "Wote mnasema hivyohivyo."

Akasafishwa, nikatupa. Baada ya miezi mitano akarudi vilevile. Nikatupa tena, na safari hiyo nikamnong'oneza mama mkwe wake aliyemleta: "Mama, huyu mkamwana wako mwangalie vizuri." Mungu anisamehe.

Mara ya tatu alikuja peke yake. Mama mkwe alikuwa ameshatangaza kwamba anamuulia wajukuu, na mume amehama nyumba. Kwa ubishi tu, nikitaka kumfunga mdomo, nikampima mkojo. Hana mimba. Nikapima kwa kipimo cha boksi jingine, maana hata kipimo nilikishuku. Hana! Nikafungua daftari la chumba, nikatafuta zile mara mbili za mwanzo. Penye kipimo cha mimba nilikuwa nimechora mstari. Hatukuwahi kumpima, tulitazama umri wake, basi.

Aliposafishwa niliinua bakuli kwenye mwanga. Nyama ilikuwa nyingi, laini, inameguka.

"Sista, tupa hiyo, foleni ni ndefu," akasema Mganga Mfawidhi.

"Siitupi, daktari. Inakwenda Mbeya."

"Ana miaka thelathini na tatu huyu!"

"Andika fomu, daktari."

Akaandika, amenuna.

Majibu yakaja: kansa ya ukuta wa ndani wa mji wa mimba. Ilikuwa imeshazama, ikabidi mji wa mimba wote utolewe. Nilimsindikiza Mbeya mwenyewe. Daktari bingwa alimweleza kwamba ikiwahiwa kabisa, mwanamke anayetaka mtoto huweza kupewa kwanza dawa za homoni, mji wa mimba ukibaki, akifuatiliwa kwa karibu. Tusekile akanigeukia.

"Sista, ile ya kwanza mliipeleka wapi?"

Nikamwambia. Na ya pili pia. Na nilichomnong'oneza mama mkwe wake, nikamwambia.

Aliporuhusiwa nilikwenda kwa mama mkwe kukiri. Akaniuliza, "Sasa mbona ulisema?" Mume hakurudi.

Nimestaafu sasa. Wauguzi vijana wakija nyumbani nawasumbua: mmempima mkojo? Damu isiyofuata mwezi mmeitafutia sababu? Kichupa mmekituma, na majibu mmeyafuata? Wananiona bibi mkorofi. Sawa tu. Siku hizi ninayemshuku ni yule aliyevaa glavu.

Tusekile yu hai, kibanda chake bado kipo karibu na stendi. Kila nikipita namwamkia shikamoo, naye huitikia vizuri, "Marahaba, Sista," kana kwamba mkubwa ni yeye, na mimi nakubali. Kiti cha wateja kipo pale mbele. Hajawahi kuniambia nikae.